Kinu Kilichokamatwa Kwihara

Ni nani aliyekuonyesha kwamba neno lina mlango?

Usijibu haraka. Weka kikombe chini, fikiri. Kabla hujasoma gazeti, kabla hujalisoma jina lako mwenyewe kwenye cheti cha ubatizo, kuna mtu alikukalisha mahali akakwambia: sikiliza, "maji" huanza hivi, mmm. "Samaki" huanza hivi, sss. Mtu huyo ni nani? Yu hai bado? Mara ya mwisho ulimwamkia lini?

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo kiti cha kumbukumbu ni cha Mama Koleta Shilinde wa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mama Koleta ametutoka akiwa na miaka tisini na ushee. Tulimzika Jumamosi, jua likiwaka, vumbi la barabara ya zamani likitupanda mpaka magotini. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Mama Koleta Shilinde, wa Kwihara. Alifundisha watoto wadogo kusoma. Hakuwa na cheti cha ualimu. Hakuwa na chaki. Na hata kile kidogo alichokuwa nacho, siku moja walikuja wakakichukua. Hakunyamaza. Hilo ndilo ninalotaka mlisikie leo. Hakunyamaza.

Tuanzie kwa babu yake.

Ile barabara inayopita Kwihara ndiyo njia ya misafara, ya kutoka pwani kwenda Ujiji. Babu yake Koleta aliikanyaga akiwa pagazi. Tena si pagazi wa katikati. Alikuwa kirangozi, yule anayetangulia mbele na kuanzisha wimbo. Yeye anaanzisha, wa nyuma wanapokea, mzigo unakuwa mwepesi. Reli ilipofika Tabora, mizigo ya vichwani ikaisha. Mzee akabaki na bega lenye sugu na sauti nene isiyo na kazi. Akachonga kinu. Kinu cha mninga, kipana mdomo, kizito, watu wawili wakitaka kukiinua wanatazamana kwanza. Alipokufa akamwachia mjukuu wake, Koleta.

Kishikeni kinu hicho akilini, wasikilizaji. Ndicho kitakachokamatwa.

Koleta alisoma kwa masista mpaka darasa la tatu. Akaolewa na Justus, kibarua wa reli, mtu wa kurudi nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili. Mtoto wao wa kwanza akawa Marko. Wa pili akawa Imakulata. Huyu Imakulata, sasa naye ni bibi, ndiye aliyenisimulia mengi ya haya. Tulikuwa mkekani matangani, anachambua mchele, vidole havitulii. Mama yake alikuwa hivyo hivyo.

Sasa twende mwaka wa hamsini na tatu. Mwingereza bado yupo, bendera yake inapepea bomani. Ni Januari. Koleta anampeleka Marko shule ya mjini aanze darasa la kwanza. Wametoka alfajiri. Mtoto ameoga, amepakwa mafuta mpaka visigino, shati limepigwa pasi ya mkaa ya kuazima. Nafasi zilikuwa chache siku zile, watoto wengi. Kwa hiyo mwalimu alisimama mlangoni akawapima mmoja mmoja.

Marko akaulizwa anajua nini. Akaimba: a, be, che, de. Akaimba mpaka mwisho bila kukosea, kifua mbele.

"Vizuri," akasema mwalimu. "Sasa niambie, neno 'mama' linaanza na sauti gani?"

Marko akarudia kuimba: a, be, che.

"Sikukuuliza wimbo. 'Mama.' Linaanzaje?"

Marko akageuka kumtazama mama yake. Na mama yake, wasikilizaji wapendwa, alikuwa amesimama palepale, ndiye neno lenyewe, na mtoto hakuweza kulifungua.

Mwalimu hakugomba. Alisema kwa upole, na Koleta alisema maisha yake yote kwamba upole ule ndio uliomchoma. "Mrudishe, mama. Watoto wa Kwihara huja na wimbo tu. Nafasi yake nitampa mwingine."

Marko akarudishwa. Mwaka ule walirudishwa watoto wote wa Kwihara, hakuingia hata mmoja. Njiani Marko hakulia. Alilia nyumbani, nyuma ya ghala, akidhani haonekani. Haukupita mwezi mjomba wake akamchukua Sikonge, kwenye tumbaku, akaokote majani na kuyafunga mafungu.

"Mama alikuwa anapuliza moto," Imakulata ananiambia. "Akainuka, macho yanamtoka machozi ya moshi. Akasema neno moja tu: 'Hatarudishwa mtoto mwingine.' Na mwingine aliyekuwa anafuata, Januari ijayo, nilikuwa mimi."

Hivyo ndivyo lilivyoanza. Ndani ya mwaka mmoja, watoto wa Kwihara wajue neno linavyoanza. La sivyo, tumbaku.

Mavuno yakaja. Mtama ukaingia nyumbani, wanawake wakaanza kutwanga. Kwihara walitwanga watatu kwenye kinu kimoja, michi inapokezana, mmoja juu, mmoja njiani, mmoja chini. Ukichelewa unamgonga mwenzio. Watoto huwa karibu, wanaokota punje, wanafukuza kuku. Koleta akawaita wakae duara.

"Kila neno lina mlango," akawaambia. "Nyumba ya mtu huingii kwa kuruka ua. Unapiga hodi. Basi na neno lipigieni hodi."

Mchi ukipanda, yeye anaanzisha kama babu yake kirangozi: "Hodi, mmm!" Mchi unakaa juu, sauti inakaa mdomoni. Mchi ukishuka, watoto wanapokea: "Karibu, mtama!"

"Hodi, mmm!"

"Karibu, maji!"

"Hodi, sss!"

"Karibu, sufuria!"

Lakini kuna sauti hazivutiki. Ukizivuta zinakatika. Kwa hizo aliwapaka watoto unga kiganjani, akawaambia walete kiganja karibu na mdomo. "Sema 'paka.'" Unga unaruka, unamwingia mtoto puani, anapiga chafya, wenzake wanagaagaa kwa kicheko. "Sema 'mama.'" Unga umetulia tuli. "Sema 'fagio.'" Unga unaondoka polepole kama moshi. Mtoto akaiona sauti kwa macho. Nimelea wajukuu saba, nimeona vitabu vya picha vya rangi zote. Sijaona kitu kizuri kuliko kile kiganja cha unga.

Mtoto akikosea hakupigwa. Akileta kijiko kwenye zamu ya m, Koleta alimwambia, "Umepiga hodi kwa jirani. Rudi barabarani, tafuta nyumba." Mtoto anatoka mbio kwelikweli mpaka njiani, anageuka, anarudi na majani.

Na maandishi? Alitandaza pumba kwenye ungo, akachora herufi kwa kidole. Hii ni m, ina miguu mitatu. Wakishaijua, anapeta ungo mara moja, herufi imekwenda, anachora nyingine.

Basi siku moja watoto walikuwa kwenye m, wamemaliza mtama, wamemaliza maji na mahindi na mbuzi. Mmoja akapaza sauti: "Karibu, Mahona!" Wengine wakalipenda. "Karibu, Mahona! Karibu, Mahona!" Kijiji kizima kikasikia.

Mahona alikuwa mwanangwa, kiongozi wa kijiji, aliyewekwa na mtemi. Mtemi naye alitazamwa na boma. Mahona hakuwa mtu mbaya, nataka niseme haki. Alikuwa mtu mwenye kofia, na mwenye kofia huogopa upepo. Alikuwa ametoka kuambiwa barazani kwamba shule isiyo na kibali ni kosa, na mwanangwa atakayeinyamazia ataondolewa. Halafu anasikia jina lake linaimbwa uani kwa Koleta.

Akaja, fimbo kwapani.

"Mwangaluka, mama Marko."

"Mwangaluka, mwanangwa. Kigoda hicho, kaa."

"Sikai. Nasikia hapa kuna shule."

"Shule? Mimi naona kinu."

"Watoto wanalipigia kelele jina langu."

"Jina lako lina mlango mzuri, mwanangwa. Ungependa waite la nani?"

Wanawake wakacheka, michi ikapoteza zamu.

"Koleta, usinichezee. Boma wanataka kibali. Unacho?"

"Cha kutwanga?"

"Cha kufundisha!"

"Ubao umeuona? Chaki umeiona? Benchi je?"

Mahona akatazama huku na huku. Akauona ungo. Akausogelea. Koleta akaupeta mara moja tu, pumba zikapaa na kushuka.

"Kama ipo sheria kwamba mwanamke akitwanga afumbe mdomo," akasema Koleta, "mwambie aliyeitunga aje ashike mchi. Mimi nitakaa pale kwenye kigoda, nimtazame akitwanga kimya."

Mahona aliondoka amevimba kama chura. Akakataza mara ya pili, haikusaidia. Akatisha kumpeleka barazani, Koleta akamwambia twende hata leo, niache nivae viatu. Mahona akarudi kwake hana la kufanya. Kumpeleka barazani ni kukiri kwamba shule ipo kijijini mwake.

Lakini asubuhi iliyofuata alikuja na shauri jipya kabisa. Lilitoka wapi shauri lile? Watu wa Kwihara wameulizana miaka na miaka. Mahona mwenyewe alijibu hivi hivi siku zote: "Lilitoka kichwani mwangu." Na watu wakaguna.

Alikuja na vijana wawili wenye nguvu. Akasema, "Kinu hiki kimekamatwa."

Wanawake wakashusha michi. Maana nyie wa mjini huenda hamjui. Pale Kwihara kinu cha mwanamke hakiguswi. Mume akimfukuza mke ndipo kinu hutolewa nje ya ua, watu wakipita wanajua ndoa imekufa. Sasa Koleta ana mume, ana watoto, hajaachwa, na kinu chake kinatoka uani mbele ya watu. Lilikuwa tusi, tena si kwake peke yake.

Koleta hakupiga yowe. Aliwaambia wale vijana, "Kibebeni polepole. Msikipasue mdomo."

Jumamosi Justus akarudi na mafuta ya reli mikononi. Akatazama uani, pale mahali penye duara la ardhi iliyogandamana.

"Mke wangu, kinu kiko wapi?"

"Kimekwenda kwa mwanangwa."

"Na wewe?"

"Mimi nipo."

Justus akanawa mikono, akajipangusa, akakaa. Ndipo akasema, "Basi kifuate."

Jumatatu asubuhi Koleta aliweka mchi begani akatoka barabarani. Mwanamke wa nyumba ya pili akamwona, akachukua mchi wake. Na wa tatu. Wakaenda mstari mmoja, michi mabegani, watoto nyuma na nyungo vichwani kama sahani kubwa. Barabara ni ileile, ya misafara. Koleta mbele. Akaanzisha: "Hodi, mmm!" Mstari mzima ukapokea: "Karibu, mchi!"

Njiani wakakutana na Mwamvita binti Selemani, mwuza kanga wa Mtendeni, aliyezoea kuja Kwihara kubadilisha vitambaa kwa mchele. Mwanamke wa mjini, ulimi umenolewa. Akatua furushi lake.

"Mashoga, msafara wa wapi huu? Mnakwenda pwani? Mbona hamna pembe za ndovu?"

"Tunakwenda kwa Mahona kutwanga."

"Kwani kwake hakuna mke?"

"Amekikamata kinu changu," akasema Koleta.

Mwamvita akajipigia kofi pajani. "Amekamata kinu! Nimeona mwizi akikamatwa, nimeona mbuzi akikamatwa. Kinu! Nipeni mchi na mimi, nikamwone mfungwa."

Wakafika kwa Mahona. Ua wake ulikuwa wa mabua marefu, na ndani kinu kimewekwa katikati, kana kwamba ni cha hapo tangu zamani. Mahona alikuwa amekaa anakunywa uji. Koleta akasimama nje, akasema kwa adabu kabisa, "Hodi!"

Mahona akachota uji. Aliyejibu ni mke wake, Pelagia, binti wa Ngollo, mrina asali wa Sikonge. Alikuwa kijana mno, ameolewa mwaka uleule, baada ya mke wa kwanza wa Mahona kufariki. Mahona alimchunga sana. Mke wa mwanangwa hatwangi uani kwa mtu, alisema, na Pelagia hakuonekana kisimani wala kinuni kwa wenzake.

Pelagia akasema, "Karibuni."

Mahona akamgeukia, kijiko hewani. Lakini "karibu" ikishatoka mdomoni hairudi. Watu walisema ni utoto, hajui mambo ya uongozi.

Wakaingia.

"Mmefuata nini?" akauliza Mahona.

"Kinu," akasema Koleta.

"Kinu kimekamatwa, hakitoki."

"Hatukuja kukitoa. Tumekuja kutwanga. Wewe umekamata kinu, njaa hujaikamata."

Na kabla hajameza uji wake, mtama ulishamiminwa, michi mitatu imeanza, watoto wamekaa duara, ungo una pumba.

"Hodi, k!"

"Karibu, kinu! Karibu, kofia!"

Mahona akasimama. "Sitaki shule hapa!"

Mwamvita ndiye aliyeliona kwanza. Akaegemea mchi wake, akacheka kicheko cha polepole. "Ewe mwanangwa, hebu tuulizane. Bwana wa boma akija leo na gari lake, shule isiyo na kibali ataikuta kwa nani? Kwa Koleta? Kwa Koleta hakuna hata kinu. Ataikuta hapa, uani kwako, mkeo kasema karibuni. Nenda kashitaki basi. Mimi nitakushikia uji usipoe."

Wasikilizaji wapendwa, mtu anaweza kunaswa na mtego wa mwenziwe, hilo tunalijua. Mahona alinaswa na kitu alichokibeba mwenyewe mpaka kwake. Akakaa. Akavuta uji wake, akasema, "Basi twangeni kimya."

"Kinu hakijui kimya," akasema Koleta, na mchi ukapanda.

Narudia, maana hapa ndipo penyewe: darasa walilotaka kulifunga likahamia nyumbani kwa aliyelifunga. Na likakaa. Kila asubuhi, msimu mzima, mpaka mvua za kwanza. Pelagia alishika mchi pamoja nao. Hakuitikia hodi hata mara moja. Alitwanga kimya, akawapa watoto ncha ya sega la asali kutoka kwao, akafagia pumba wakiondoka. Watoto walimpenda. Wanawake walimwona baridi kidogo.

Januari ikafika, ya hamsini na nne. Koleta akatoka alfajiri na Imakulata mkononi, na watoto wa Kwihara nyuma yao. Mlango ni uleule, mwalimu ni yuleyule.

"Sema a, be, che," akamwambia Imakulata.

"Huo wimbo siujui," Imakulata akasema. "Nipe neno."

Mwalimu akainua nyusi. "Kiti."

Imakulata akagonga mlango wa darasa kwa kifundo cha kidole. "Hodi, k. Karibu, kiti." Akafikiri. "Na kalamu yako hiyo. Na kola ya shati lako, ina doa."

Mwalimu akamtazama Koleta. Koleta safari hii hakutazama chini. Alimtazama usoni, mpaka yule bwana akasogea pembeni na kusema, "Haya. Karibu."

Mwaka ule hakurudishwa mtoto yeyote wa Kwihara. Na Marko? Marko alirudi kutoka Sikonge mikono inanuka tumbaku, mrefu kuliko wote, akakaa kwenye duara la wadogo, magoti yanamfika masikioni. Wakamcheka. Akakaa tu. Mwaka uliofuata alisimama kwenye ule mlango tena, akaulizwa neno, akalifungua. Akawa fundi kwenye reli ileile aliyokuwa kibarua baba yake, na Jumamosi nilimwona kaburini, mzee wa mvi, amesimama wima kama nguzo.

Kinu nacho kikabaki. Mahona alipochoka na kelele alimwambia Koleta, "Chukua kinu chako, yaishe."

Koleta akamjibu, "Ulikichukua wewe mchana watu wakiona. Kirudishe wewe mchana watu wakiona."

Mahona hakutaka kuonekana barabarani akibeba kinu cha mwanamke. Mara mbili au tatu moyo ulimlainika, akasema leo nitakirudisha, nife na aibu yangu. Kila mara akakuta kinu kimejaa. "Leo nimelowekea mahindi humo, mume wangu," Pelagia alisema. Au: "Subiri nimalize mtama wangu, changu kina ufa." Mwamvita alikuwa akimtania, "Wewe mtoto wa Sikonge, wenzio wana kinu kimoja wanamaliza kazi asubuhi. Wewe una viwili na humalizi!" Pelagia alitabasamu, akaendelea kutwanga.

Hivyo miaka ikaenda, darasa likiwa uani kwa mwanangwa. Mpaka siku moja gari la boma likaja kweli. Bwana wa elimu akashuka, akasikiliza hodi na karibu kwa muda mrefu, kofia mkononi. Mwishowe akasema kwa mkalimani wake kwamba amependezwa, na atamletea yule mama kibali na boksi la chaki.

Koleta akajibu, "Chaki nitapokea. Kibali sikuomba."

Wapo wanaosema alikosa adabu. Na mimi nawaambia hivi: mtoto wake alirudishwa mlangoni, kinu cha babu yake kilitolewa uani kama cha aliyeachwa. Adabu aliyobaki nayo aliwapa watoto, hakuna aliyemsikia akimwita mtoto mjinga. Nyie wengine mtasubiri.

Uhuru ulipokuja, Kwihara ikajengewa shule yake. Koleta hakuajiriwa, kwa kuwa cheti hakuwa nacho. Hakununa. Wadogo wasiofikia umri wa shule waliendelea kuja kinuni, na baadaye watoto wao, na watoto wa watoto wao. Mahona alifariki, Mungu amrehemu. Mwamvita akatangulia naye, akitania mpaka mwisho. Macho ya Koleta yalipofifia, alipakwa unga kiganjani na vitukuu, akaambiwa, "Sema 'paka,' bibi," na unga ukaruka bado.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba yetu sote tunampa pole Mama Imakulata, Mzee Marko, wajukuu na vitukuu, na watu wote wa Kwihara. Mungu ampumzishe mahali ambapo hodi hujibiwa mara ya kwanza. Na sisi tuliobaki tusiishie kusikitika. Nyumbani kwako kuna mtoto wa miaka mitano, au kwa jirani yako yupo. Unapopika, unapofua, unapomenya viazi, muulize: kiazi kinaanzaje? Usingoje ubao. Usingoje uambiwe unaruhusiwa. Na akikosea, mwambie amepiga hodi kwa jirani, arudi barabarani.

Lakini sijamaliza. Kuna jambo la Jumamosi, na Imakulata ameniruhusu nilieleze.

Tulikuwa tumerudi kutoka makaburini, tunanawa mikono. Ukaja mkokoteni wa ng'ombe kutoka upande wa kwa Mahona. Juu yake kinu, cheusi kwa uzee, mdomo haujapasuka. Kando ya kinu ameketi Pelagia binti Ngollo, sasa ni bibi wa miaka themanini na ushee, ameshika mchi kama fimbo. Mchana kweupe. Watu wakiona.

Vijana wakakishusha kinu uani kwa Koleta, palepale kilipokuwa. Pelagia akashuka, akakishika ukingo.

"Nimekirudisha," akasema. "Nimekaa nacho sana."

"Asante, bibi," Imakulata akasema. "Laiti mama angekuwepo. Alikuwa akiuliza mpaka juzi, ni nani aliyemshauri mzee Mahona akamate kinu. Alisema Mahona hakuwa na akili ya kuzua jambo kama lile."

"Hakuwa nayo," akasema Pelagia. "Ni mimi."

Pelagia akauegemea mchi wake.

"Alirudi nyumbani amekasirika, hajui la kufanya na mama yako. Nikamwambia, mume wangu, wewe kamata kinu. Nilijua mwanamke hakiachi kinu chake. Nilijua wangekifuata."

"Lakini kwa nini, bibi? Ulikuwa na kinu chako. Ulitaka nini?"

Pelagia akapangusa mdomo wa kinu vumbi lililoingia njiani.

"Nilikuwa nasimama nyuma ya mabua, nawasikia kwa mbali, siruhusiwi kutoka," akasema. "Nilitaka kusoma."